Caco-2, organoidi au panya: nichague utumbo upi wa maabarani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeanza shahada ya uzamili, na mada yangu ni jinsi sumu za bakteria na inflamesheni (mwako wa kinga kwenye tishu) zinavyolegeza ukuta wa utumbo. Msimamizi wangu ameniambia nitumie seli za Caco-2. Mwenzangu wa maabara ya jirani ananicheka. Anasema hizo ni seli za saratani za mzee aliyeugua miongo mingi iliyopita, haziwezi kuniambia lolote kuhusu utumbo wenye afya, na kwamba siku hizi hakuna jarida la maana linalokubali kitu pungufu ya organoidi, yaani vijiutumbo vidogo vinavyokuzwa kutoka seli shina. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa swali ulilolieleza, anza na Caco-2 kama msimamizi wako alivyosema. Mwenzako hajakosea kuhusu asili ya seli hizo. Amekosea kudhani kwamba asili pekee ndiyo inayoamua. Kuhusu majarida, ni kweli wahakiki huuliza "mbona hakuna organoidi?", ila mara nyingi huuliza hivyo pale mwandishi anapodai makubwa kuliko seli zake zinavyoweza kushuhudia.

Tuanze na kile tunachojaribu kukiiga. Upande wa ndani wa utumbo umefunikwa na tabaka moja tu la seli. Juu ya tabaka hilo kuna ute, chakula, nyongo, vimeng'enya na bakteria wasiohesabika, na hewa ya oksijeni ni haba. Chini yake kuna mishipa ya damu, neva, misuli na seli za kinga zilizo macho saa zote. Tabaka lenyewe hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5: seli shina zilizojificha ndani ya vishimo vidogo viitwavyo kripti hugawanyika, seli changa hupanda juu huku zikikomaa, na zikifika kileleni hubanduka na kutoka na uchafu. Zikiwa njiani hugawana kazi. Nyingi huwa enterosaiti za kufyonza chakula. Nyingine hutoa ute, nyingine homoni, nyingine hunusa vimelea, na seli za Paneth hushuka chini ya kripti kulinda seli shina na kutoa protini za kuua bakteria.

Hakuna modeli yenye vyote hivyo. Kila moja imekata kitu na kukitupa, na ndiyo maana imekuwa rahisi kuitumia. Kwa hiyo usiulize modeli ipi inafanana zaidi na utumbo. Uliza kama kile kilichokatwa kimo ndani ya swali lako. Mimi huwataka wanafunzi waandike kwanza sentensi moja wanayotarajia kuitetea mwisho wa utafiti, kisha watafute modeli iliyo rahisi kuliko zote ambayo bado ina uwezo wa kuwakanusha. Modeli isiyoweza kukukanusha haina faida kwako hata kama ni ya kisasa kiasi gani.

Sasa Caco-2. Ukoo huu wa seli ulitolewa katika saratani ya utumbo mpana ya mwanamume wa miaka 72, na Jørgen Fogh wa taasisi ya Sloan Kettering, New York, aliutangaza mwaka 1977. Ajabu yake ni kwamba ukiziacha zijae mpaka zisongamane, zinaacha kugawanyika na kuanza kukomaa zenyewe, na zinapokomaa hazifanani na utumbo mpana zilikotoka bali na seli za kufyonza za utumbo mwembamba. Zinaota vinyweleo vidogo upande wa juu, zinatengeneza kimeng'enya cha kuvunjia sukari ya mezani, na zinabanana na jirani zao kwa vifungo vya protini. Kazi hiyo huchukua siku 21 hivi. Mwaka 1989 Ismael Hidalgo na wenzake walionyesha kwamba tabaka hili likikuzwa juu ya utando wenye vitundu linaweza kutumika kupima dawa gani inapenya, na tangu hapo viwanda vya dawa havijaliacha. Mwongozo uitwao M9 wa ICH, chombo cha kimataifa cha kuoanisha kanuni za dawa, uliopitishwa mwaka 2019, unakubali data za Caco-2 kama ushahidi kwamba dawa inapenya vizuri, ilimradi maabara iwe imethibitisha njia yake.

Saratani au la, vifungo vya protini ni vilevile: claudini, okludini, ZO-1. Misuli midogo ya ndani ya seli inayovivuta vifungo hivyo ni ileile. Ukimwagia seli hizi TNF, ishara ya inflamesheni inayotolewa na seli za kinga, upande wa chini, vifungo hulegea kupitia kimeng'enya kinachokaza misuli hiyo, na utaratibu huohuo umeonekana kwenye utumbo wa wanyama hai. Sumu za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha, huharibu protini za ukoo wa Rho, mifupa ya seli inaanguka na ukuta unafunguka, nalo hilo unalipata kwenye Caco-2 bila shida. Hapo seli za mzee wetu wa miaka 72 zinakufaa kabisa.

Kuna mahali hazifai, na ni bora uyajue haya kabla ya kununua chochote. Hazitoi ute. Hazina seli za kinga. Zina kidogo sana kile kimeng'enya cha CYP3A4 ambacho utumbo halisi hukitumia kuvunja dawa nyingi. Vifungo vyao vimebana kupita vya utumbo mwembamba: wakati ukinzani wa umeme (kipimo cha jinsi ukuta ulivyobana) wa utumbo mwembamba wa binadamu uko kwenye makumi ya ohm kwa eneo la sentimita moja ya mraba, Caco-2 hufika mamia. Na jambo linalosahaulika kila mwaka: seli hizi karibu hazisikii LPS, ile sumu ya ukuta wa bakteria, kwa sababu zina vipokezi vyake vichache mno. Nimesoma miswada mingi ambamo mwandishi amemwaga LPS upande wa juu wa Caco-2, akaona mabadiliko madogo, akaongeza dozi mara mia, kisha akaliita tokeo hilo "modeli ya inflamesheni". Mara nyingi kinachoonekana pale ni seli zinazougua kwa dozi kubwa au uchafu uliomo kwenye LPS yenyewe. Ukitaka inflamesheni, tumia saitokini, yaani protini za ishara za seli za kinga: zitangulize seli na interferoni-gamma, ambayo huongeza vipokezi vya TNF, kisha ongeza TNF, na vyote viwekwe upande wa chini ambako ndiko seli za kinga zingekuwa.

Kwa kuwa kipimo chako kikuu kitakuwa ukinzani wa umeme, nikae hapo kidogo. Seli zinapandwa ndani ya kikombe kidogo chenye kitako cha utando wa vitundu, na kikombe kinaning'inia ndani ya kisima cha sahani. Unapata vyumba viwili, juu na chini, vilivyotenganishwa na tabaka la seli. Unaingiza elektrodi mbili, moja kila upande, unasoma ohm. Tuseme unasoma 420. Kikombe kitupu chenye utando bila seli kinasoma 120. Tofauti ni 300. Unazidisha kwa eneo la utando. Kama ni sentimita za mraba 1.12, jibu lako ni 336. Wanaosahau kuzidisha kwa eneo, au wanaogawanya badala ya kuzidisha, wapo wengi kuliko unavyofikiri, na ndiyo sababu mojawapo ya namba za machapisho mbalimbali kutolingana. Halafu kuna joto. Sahani iliyotoka sasa hivi kwenye inkubeta ya nyuzi 37 inatoa ukinzani mdogo kuliko ileile ikiwa imepoa, kwa hiyo ukisoma safu ya kwanza ikiwa ya moto na ya mwisho ikiwa imepoa utakuwa umegundua athari ya kiyoyozi. Acha sahani itulie kwa muda uleule kila mara, kisha usome.

Na ukinzani peke yake hautoshi. Unakuambia ayoni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, zinapita kwa urahisi gani, haukuambii molekuli kubwa zinapita. Vifungo vinaweza kuruhusu chumvi zaidi bila kuruhusu protini, na vinaweza kufanya kinyume. Ongeza kipimo cha pili, mfano dekstrani, molekuli kubwa ya sukari, yenye rangi inayong'aa, upime ni kiasi gani kimefika chumba cha chini. Ongeza na cha tatu cha kuonyesha kwamba seli ziko hai, kwa sababu seli zikifa ukuta unavuja pia, na huko si kulegea kwa vifungo, ni tundu. Kwa kuthibitisha kwamba mtambo wako unaona kinachotakiwa kuonwa, tumia EGTA, kemikali inayonyonya kalsiamu: ukinzani unaanguka haraka, ukirudisha kalsiamu unapanda tena. Usipoyaona hayo mawili kwenye sahani yako, usiendelee na sumu yoyote.

Ute unaweza kuupata kwa kuchanganya Caco-2 na HT29-MTX, ukoo uliotokana na seli za HT-29 zilizozoeshwa dawa ya methotrekseti mpaka zikabaki zile zinazotoa ute. Mchanganyiko unaotumika sana ni Caco-2 tisa kwa HT29-MTX moja. Ujue tu kwamba ute wao kwa sehemu kubwa ni wa aina ya MUC5AC, ambayo kwa kawaida ni ya tumbo la chakula, ilhali utumbo hutegemea MUC2. Kwa sumu inayopenya ute kwa kuusukuma tu, sawa. Kwa bakteria anayekula ute wa MUC2, si sawa.

Kabla sijaacha koo za seli, omba cheti cha utambulisho wa kinasaba cha seli utakazopewa, na kama zimetoka kwenye friji ya jirani bila cheti, zipimwe upya. Kulikuwa na ukoo maarufu uliotangazwa mwaka 1957 kwa jina la Intestine 407, ukidaiwa kutoka utumbo wa kijusi. Watu wakautumia kwa miongo kuchunguza jinsi bakteria wanavyong'ang'ania utumbo. Baadaye ikathibitika kuwa ni HeLa, seli za saratani ya shingo ya kizazi zilizotolewa kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, ambazo zilivamia vyombo vya maabara nyingi duniani. Zimo kwenye orodha ya kimataifa ya seli zenye utambulisho wa uongo, na bado utakutana na makala zinazozitumia. Mwenzako akitaka kucheka, acheke hapo.

Sasa hizo organoidi. Mwaka 2007, katika maabara ya Hans Clevers, Utrecht, Nick Barker na wenzake walizitambua seli shina za utumbo kwa alama ya Lgr5. Mwaka 2009 Toshiro Sato, akiwa maabara hiyohiyo, alichukua seli moja ya Lgr5 ya panya, akaizika kwenye jeli, akailisha protini tatu za ishara za ukuaji: EGF, Noggin na R-spondin. Ikakua ikawa kiputo chenye matawi, na kila tawi ni kripti yenye seli za Paneth chini yake. Hakukuwa na misuli wala damu wala neva, ila tabaka lilijipanga lenyewe. Mwaka 2011 wakafanikiwa kwa binadamu, baada ya kuongeza Wnt, ishara inayozifanya seli shina ziendelee kugawanyika, na dawa za kuzuia ishara fulani zinazosimamisha ukuaji. Seli hizi si za saratani. Zinaweza kukuzwa kwa miezi na miezi, na zinakumbuka zilikotoka: za sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba hubaki hivyo, za utumbo mpana hubaki hivyo.

(Jeli yenyewe, ile inayotumika karibu kila mahali, hutengenezwa kutokana na saratani ya panya. Sijui kama mwenzako analijua hilo.)

Shida ya kwanza kwako ni ya kijiometri. Organoidi ni kama soksi iliyogeuzwa ndani nje: upande unaotakiwa kukutana na chakula na bakteria umefungiwa ndani ya kiputo, na upande wa damu ndio unaotazama jeli. Ukimwaga sumu kwenye kisima, umeimwaga upande wa damu. Kwa baadhi ya sumu hilo linabadilisha jibu lote. Njia tatu zipo. Unaweza kudunga kila kiputo kwa sindano ya kioo chini ya hadubini, kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu na jioni nyingi za bure. Unaweza kuvitoa kwenye jeli ili vijipindue, njia iliyoelezwa mwaka 2019 na kundi la Manuel Amieva, Stanford. Au unavivunja kuwa seli mojamoja na kuzipanda kwenye kikombe kilekile cha vyumba viwili ulichokitumia kwa Caco-2. Kwa swali lako nachagua ya tatu bila kusita, kwani inakuruhusu kutumia elektrodi zilezile na hesabu ileile.

Shida ya pili inafichwa na uzuri wa picha. Organoidi za binadamu zikiwa kwenye maji ya lishe yaliyojaa Wnt hubaki changa: nyingi ni seli shina na ndugu zao wa karibu, enterosaiti zilizokomaa ni chache mno. Ni lazima uondoe Wnt na vizuizi kadhaa kwa siku chache ili zikomae. Ukipima ukuta wa seli changa ukaulinganisha na Caco-2 za siku 21, umelinganisha umri, hukulinganisha afya na saratani. Katika mswada wowote wa organoidi, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni siku gani Wnt iliondolewa na ushahidi gani umetolewa kwamba seli zilikomaa.

Ya tatu ni ya hesabu. Visima kumi na viwili vyenye seli za mfadhili mmoja, yaani mtu mmoja aliyetoa tishu, vinakupa n ya 1: sampuli moja tu huru. Watu hutofautiana, na hiyo ndiyo faida yenyewe ya organoidi; ukitumia mfadhili mmoja umelipa gharama yote ukaacha faida. Kwa hiyo, bajeti ikiruhusu visima kumi na viwili tu, ni bora wafadhili sita wenye visima viwili kila mmoja kuliko wawili wenye visima sita.

Lakini usidhani nazipinga. Yapo maswali ambayo bila organoidi yasingejibiwa kamwe, na linalonivutia zaidi ni la ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki fibrosisi. Wagonjwa hao wamerithi hitilafu kwenye jeni ya CFTR, mlango wa kloraidi ulio upande wa juu wa seli. Kinachukuliwa kinyofu kidogo cha rektamu, zinakuzwa organoidi, kisha zinapewa forskolini, kemikali inayopandisha ujumbe wa ndani ya seli uitwao cAMP. Kama mlango unafanya kazi, kloraidi inaingia ndani ya kiputo, maji yanaifuata, na kiputo kinavimba mbele ya macho yako ndani ya saa moja. Kama mlango ni mbovu, kinakaa vilevile. Ukiongeza dawa ya kurekebisha CFTR na kiputo kikaanza kuvimba, una sababu ya kuamini kwamba dawa hiyo inaweza kumsaidia mwenye seli hizo. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 2013 na kundi la Jeffrey Beekman, Utrecht, na kimewafaa hasa wagonjwa wenye mabadiliko adimu ya jeni, ambao ni wachache mno kiasi kwamba majaribio makubwa ya dawa hayawafikii. Tazama jinsi kile tulichokiita kasoro, yaani kiputo kufungwa, hapa kimegeuka kuwa kipimo chenyewe.

Mfano mwingine ni norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha. Ilionekana kwa hadubini ya elektroni mwaka 1972, na kwa zaidi ya miongo minne wataalamu walijaribu kuikuza kwenye koo za seli, Caco-2 zikiwemo, bila mafanikio ya maana. Mwaka 2016 kundi la Mary Estes, Baylor College of Medicine, Houston, liliikuza kwenye seli zilizotokana na seli shina za utumbo wa binadamu, na aina nyingine za kirusi zilihitaji nyongo ndipo zikue. Zaidi ya hapo, aina ya GII.4 ilikataa kukua kwenye seli za wafadhili wasio na jeni tendaji ya FUT2, sawasawa na inavyoonekana kwa watu: wapo ambao kirusi hicho hakiwashiki. Hilo huwezi kulipata kwa ukoo mmoja wa seli uliotoka kwa mtu mmoja.

Kwenye saratani nako, mwaka 2015 makundi mawili, la Uholanzi na la Japani, yalichukua organoidi zenye afya yakabadilisha jeni moja baada ya nyingine kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri DNA: APC, TP53, KRAS, SMAD4. Kila jeni ilipoguswa, seli ziliacha kuhitaji kitu fulani katika maji ya lishe. Ni safari ya kuelekea saratani iliyopangwa hatua kwa hatua, na kwa hiyo kazi Caco-2 haifai hata kidogo, kwa sababu yenyewe imeshafika mwisho wa safari.

Kuna organoidi za aina nyingine, zinazotengenezwa kutoka seli za kawaida zilizorudishwa utotoni kisha zikaelekezwa kuwa utumbo, njia iliyotangazwa mwaka 2011 na kundi la James Wells na Jason Spence, Cincinnati. Hizo huja na tishu ya kushikilia inayozunguka tabaka, jambo zuri, ila zinafanana na utumbo wa kijusi. Kwa magonjwa ya kuzaliwa nayo ni hazina. Kwako wewe, ziache.

Kuhusu ugonjwa, nikuonye jambo ambalo hata wenye uzoefu hulipita haraka. Organoidi iliyotoka kwa mgonjwa wa Crohn, ugonjwa wa inflamesheni sugu ya utumbo, si ugonjwa wa Crohn ndani ya sahani. Jeni za mgonjwa zinabaki, na baadhi ya alama zilizobandikwa juu ya DNA zinabaki pia. Lakini moto wenyewe wa inflamesheni ulikuwa unawashwa na seli za kinga, na hizo hukuzichukua. Baada ya wiki kadhaa za kukuzwa, sehemu kubwa ya dalili za inflamesheni hufifia. Ukizitaka, itakubidi uzirudishe: kwa saitokini, au kwa kuweka makrofaji, aina ya seli za kinga, kwenye chumba cha chini. Na hapo unarudi kwenye swali lilelile ulilokuwa nalo na Caco-2, yaani ni ishara ipi hasa unayoichunguza.

Utumbo kwenye chipu nitaugusia tu, maana sidhani kama utaufikia katika shahada hii. Mwaka 2012 kundi la Donald Ingber, taasisi ya Wyss ya Harvard, lilikuza Caco-2 kwenye mfereji mwembamba ambamo maji yanapita taratibu na utando unavutwa na kuachiwa kwa asilimia 10, karibu mara 9 kwa dakika. Seli zikainuka zikatengeneza vinyanyuko kama vya utumbo, na bakteria wa Lactobacillus wakaishi nazo kwa zaidi ya wiki; kwenye sahani ya kawaida bakteria hujaza kisima wakaua seli mapema sana. Unaona kwamba seli ni zilezile za mzee. Kilichobadilika ni mazingira. Angalizo moja: chipu nyingi hutengenezwa kwa silikoni inayofyonza dawa zinazopenda mafuta, kwa hiyo dozi unayodhani umeitoa siyo inayofika.

Kuhusu panya, utashawishiwa utumie DSS, ile kemikali inayowekwa kwenye maji ya kunywa na kuchubua utumbo mpana. Ni rahisi na inatoa matokeo haraka. Lakini hata panya wasio na limfosaiti, seli muhimu za kinga, huugua wakiinywa, kwa hiyo inakufundisha zaidi jinsi kidonda kinavyotokea na kupona kuliko jinsi kinga inavyokosea. Panya walioondolewa jeni ya IL-10, saitokini inayotuliza kinga, waliotangazwa mwaka 1993, huugua wenyewe, lakini wakilelewa bila bakteria hawaugui, na hapo ndipo mnyama anapolipa gharama yake: hakuna sahani inayoweza kukuonyesha mazungumzo hayo ya bakteria na kinga ya mwili mzima. Swali lako halijafika huko. Usiue panya kwa jambo ambalo kikombe chenye utando kinaweza kulijibu.

Badala yake, kama kuna hospitali mnayoshirikiana nayo na kibali cha maadili kinapatikana, fikiria chemba ya Ussing. Ni ya tangu mwaka 1951, iliyobuniwa na Mdenmark Hans Ussing kwa ngozi ya chura, na bado haijapitwa. Kinyofu cha utumbo wa mgonjwa kinabanwa kati ya vyumba viwili, unapima mkondo wa umeme na ukinzani. Tishu inaishi saa chache tu, ila kwa saa hizo una ute, seli za kinga na neva zilizomo kwenye kinyofu, mahali pake. Vinyofu vichache vinavyokubaliana na data yako ya Caco-2 vitanyamazisha wahakiki kuliko picha nzuri ya organoidi.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Fanya kazi yote ya dozi, muda na utaratibu kwenye Caco-2, ambako kosa ni rahisi kulipia. Ukishapata matokeo mawili au matatu ambayo thesisi yako inayasimamia, na hayo tu, yapeleke kwenye tabaka bapa la seli za organoidi kutoka kwa wafadhili kadhaa, zilizokomazwa. Yakikubaliana, vizuri. Yakikataana, usifiche, angalia kwanza kama kipokezi cha sumu yako kipo kwa kiasi sawa kwenye aina zote mbili za seli, kwani tofauti nyingi huishia hapo. Umwombe na yule mwenzako akufundishe kushika jeli kwenye barafu, kwa sababu ikipata joto kabla haijafika kwenye kisima inaganda ndani ya pipeti, na ni ghali.

Hukutaja sumu yenyewe ni ipi. Niandikie, kwa sababu kama ni ya C. difficile niliyosema yanatosha, lakini kama ni ya kipindupindu itabidi tupange upya: hiyo haivunji ukuta, inapandisha cAMP na kufungua mlango uleule wa CFTR, maji yanamwagika huku vifungo vikiwa vimekaa. Hapo ningekupeleka kwenye seli za T84, ukoo mwingine wa seli za saratani ya utumbo mpana, ambazo ndizo zimetumika miaka yote kupima utoaji wa kloraidi, au kwenye organoidi zinazovimba, na ningekutaka upime mkondo wa umeme kabla ya ukinzani.